Miaka Mitano Isiyo Yangu

Jumatatu, 6 Januari

Haya. Nimeanza.

Posta katuamuru: kila mtu awe na daftari, aandike alichokimbia. Posta ni mpeleka barua mstaafu, ndiye anayetufundisha mbio sisi wazee saba wa alfajiri. Maisha yake yote alipeleka barua kwa miguu, sasa anatupeleka sisi. Nikamwambia mimi darasani sijakaa hata siku moja. Kasema, "Bibi, kwani mbio ulisomea wapi?" Nikaenda kununua daftari — mimi!

Herufi nilizipata kwenye mashuka. Miaka thelathini na moja nimefua hospitali, mpaka waliponistaafisha mwaka juzi, na kila shuka lina muhuri wake: WATOTO. UPASUAJI. WAZAZI. Ukikosea unampelekea mama mzazi shuka la maiti. Ukifokewa mara mbili, unajua kusoma! Kuandika kulikuja baadaye, kidogo kidogo, kama nywele za mtu aliyeugua.

Mpango wa mwaka, kwa maneno ya Posta. Machi, kilomita kumi. Mei, nusu marathoni. Oktoba, marathoni nzima — kilomita arobaini na mbili na kitu. Nikauliza hicho kitu ni nini. Mita mia moja tisini na tano! Baada ya zote zile! Si wangetusamehe tu?

Jirani wa mlango wa pili kanicheka, eti mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamjibu mimi nakimbia kwenye lami, anayeshinda sakafuni ni yeye.

Leo: tano. Goti la kushoto lilinung'unika. Nimeliambia, nyamaza, una miaka sitini na miwili, tabia gani hiyo.

Jumamosi, 8 Februari

Kumi na mbili. Mpaka darajani na kurudi. Mwanzo wa daraja kuna jiwe, limebandikwa matangazo juu ya matangazo. Sheria ya Posta: gusa jiwe, geuka. Asiyegusa hajakimbia. Mwenzetu mmoja, mstaafu wa benki, alitaka kugeuka hatua mbili kabla — tumemzomea mpaka karudi.

Nyumbani nimemkuta mke mwenza anaruka kamba chumbani, ndoo imepinduka, maji mpaka chini ya kitanda! Mke mwenza ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, miaka kumi na miwili. Anakaa kwangu. Utani wetu ndio huo: yeye mke mdogo wa marehemu babu yake, mimi mke mkubwa. Nikamwambia, "Ndiyo maana mume alikufa mapema, kwa uchafu wako." Kanijibu, "Alikufa kwa chumvi yako." Loo! Ulimi huo kautoa wapi? Kwangu.

Jino la nyuma limemng'oka, la utotoni. Kaja kunionyesha kiganjani, na damu yake, kama mtu aliyeokota lulu.

Jumapili, 16 Machi

Kumi za mashindano! Saa moja na dakika moja.

Kucha ya dole gumba imebaki ndani ya soksi. Nimeitazama kama mali ya mtu mwingine. Hakuna aliyeniambia kwamba mbio zinang'oa kucha! Posta kasema, "Sasa umekuwa mkimbiaji." Ebo! Na ningepoteza mguu mzima ningekuwa nani?

Jumapili, 18 Mei

Leo herufi zinacheza.

Nusu marathoni. Saa mbili na dakika nne. Wa KWANZA! Wanawake wa miaka sitini na kuendelea — wa kwanza, mimi! Waliita namba yangu mara tatu, nami nasimama natazama huku na huku, nangoja huyo mtu atokee. Posta ndiye aliyenisukuma mgongoni. Medali na birika la umeme.

Wa pili ni mwanamke mmoja aliyefunga miwani kwa kamba kichwani, mwalimu mkuu mstaafu. Kaja dakika tano nyuma yangu. Sikujua mtu anaweza kukasirika huku pumzi hana! Kasema mbele ya watu wote, "Huyu hana miaka sitini. Tazameni magoti yake." Nikamwambia kuzeeka kwake si kosa langu. Watu wakacheka, kichwa kikanivimba, nikazidisha: siku nyingine akimbie kwa miguu, asikimbie kwa mdomo.

Mjukuu kaivaa medali kwenda nayo dukani.

Jumanne, 20 Mei

Mwenye miwani kapeleka malalamiko kwenye kamati! Barua! Kurasa mbili!

Karani wa kamati katazama kitambulisho changu: 1963. Kataka na cheti cha kuzaliwa. Nikamuuliza, mwanangu, ulishaona cheti cha mtu aliyezaliwa jikoni? Kasema basi, nilete ndugu mkubwa athibitishe kwa mdomo, ni utaratibu tu.

Ndugu mkubwa ninaye mmoja. Kaka yangu. Karani mstaafu, mwandiko wake mtaa mzima unausifu. Mtu akitaka barua yenye heshima, anaenda kwake. Jumapili nitamfuata. Huyo mwalimu ataona!

Jumapili, 25 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimefika kwa kaka saa nne. Wifi katuletea chai, kaenda zake uani. Nikamweleza kaka yote — birika, miwani, magoti. Kacheka mpaka kajipiga paja. Nami nacheka. Kisha kasema, "Huyo mwalimu ana macho! Dada, hiyo sitini umeitoa wapi? Mitano tulikuongezea sisi."

Nikasema mliniongezea nini.

"Miaka." Vile vile, kama mtu anayezungumzia sukari.

Nilizaliwa, kasema, wiki ile daraja lilipofunguliwa. Mama ana uchungu ndani, bendi inapiga ng'ambo. Yeye alikuwa na miaka minane, alitoroka kwenda kuitazama, akachapwa. Anaikumbuka fimbo! Halafu posa yangu ilipokuja, msajili wa ndoa akakataa. Chini ya miaka kumi na sita haandiki. Baba akamgeukia kaka: wewe ndiye niliyekusomesha, andika. Kaandika kumi na saba. Karatasi ile ndiyo iliyozaa kitambulisho changu na kila kitu.

"Na mwandiko wangu ulivyokuwa mzuri, hata hakuuliza mara mbili." Bado anacheka! Kisha kaniona uso.

Nikamuuliza nilikuwa na miaka mingapi. Kasema hayo mambo ya zamani. Nikamuuliza tena. Kasema kunywa chai.

Nimetoka bila viatu. Wifi kanikimbilia navyo barabarani.

Jumatatu, 26 Mei

Sifuri.

Karani wa kamati kapiga simu. Nisijisumbue na ndugu, wamekaa wakaona kitambulisho kinatosha, malalamiko yametupwa. Hongera, bibi.

Hongera!

Jumanne, 27 Mei

Nimeenda darajani. Peke yangu, kwa kutembea.

Nimebandua matangazo kwa kucha. Chumba cha kupanga. Fundi mabomba. Mbuzi amepotea, ana doa jeupe. Chini kabisa, kwenye jiwe lenyewe: LILIFUNGULIWA, na jina la mkubwa fulani, na 1968.

Miezi mitano! Nagusa, nageuka. Nagusa, nageuka.

Nikakaa chini palepale nikapiga hesabu kwa vidole. Ndoa ilikuwa 1980, hiyo naijua, imeandikwa nyuma ya picha. Kutoka sitini na nane mpaka themanini.

Kumi na mbili.

Nikarudia. Nikarudia kwa vijiwe. Kumi na mbili. Kadi ya kliniki ya mwanangu wa kwanza inasema 1981. Kumi na tatu.

Mpita njia kaniuliza, bibi umepotea? Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 29 Mei

Sikimbii. Naandika.

Miaka arobaini na mitano nimejijua kuwa mimi ni mjinga. Si kwa kuambiwa tu — nilikuwa na ushahidi! Mama mkwe aliniita Zezeta. Msichana mzima wa miaka kumi na saba, anasema, hajui kuwasha moto bila kuijaza nyumba moshi, ukimtafuta yuko nyuma anacheza mdako na watoto wa jirani. Hedhi ilinijia nikiwa nimeshaolewa. Mama mkwe kasema imechelewa, ameletewa mwenye kasoro. Gauni la harusi mwaka uliofuata lilinifika magotini. Wakasema ndoa imenikubali, imenirefusha! Nilirefuka mpaka mtoto wa pili, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mke wa mtu anarefukaje!

Nilipojifungua wa kwanza nilimlilia mama siku mbili. Wakasema mwoga. Nikaamini. Kule hospitali, kwenye mashine za kufulia, mtu akinieleza jambo nilikuwa natangulia kusema: nieleze polepole, mimi mzito.

Sikuwa mzito! Nilikuwa mtoto!

Na marehemu. Hakuwahi kuninyooshea mkono. Alikuwa seremala, wiki ya kwanza tu alinichongea kistuli nipande nikiwa napika. Nilikitunza miaka, nikiwaonyesha watu: tazameni mume anavyonijali. Kistuli! Mwanamume anamchongea mkewe kistuli ili aone ndani ya sufuria, halafu asijue? Alijua? Leo nimeiuliza picha yake ukutani, kwa sauti, mpaka jirani kagonga kuuliza kuna nini. Ana bahati kafa.

Nilimpenda. Sijui nani alimpenda — mimi, au yule wa kwenye kistuli.

Jumamosi, 7 Juni

Kumi na nne, kwa hasira. Sikugusa jiwe. Posta kaniangalia, hakunizomea.

Mchana nilikuwa namsuka mjukuu. Kaniuliza, "Mke mwenza, mbona hunitanii siku hizi?" Shingo yake yote inaenea kwenye kiganja changu. Nikamwambia kuanzia leo mimi ni bibi yako na wewe ni mjukuu wangu, basi. Kasema, "Kwani nimekosa nini?" Kalia! Nikamkumbatia, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, mpaka kasema bibi unaniumiza.

Utani wetu wa miaka yote. Na huo pia wameuchukua.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempelekea mwenye miwani birika lake.

Kafungua mlango, kaniona, kakunja mikono. Nikasema, "Nimekuja na birika lako."

"Limetumika?"

"Mara mbili."

"Maji tu?"

"Na yai. Moja."

"Yai! Kwenye birika!"

Nikamwambia, mwalimu, nyamaza nimalize, nikiondoka hapa sirudi. Nikamwambia hakukosea. Nina hamsini na saba. Kaanza kushangilia — mdomo ulishafunguka, kidole kimeshainuka — nami nikamweleza ilivyokuwa. Kidole kikashuka.

Kavua miwani. Kasema kabla ya kuwa mwalimu mkuu alifundisha darasa la sita miaka ishirini. "Kumi na mbili ni darasa la sita," kasema. "Wafupi unawaweka mstari wa mbele, waone ubao. Ukiwafokea sana, wengine wanajikojolea." Kisha kanishika mkono. Yule yule! Nilidhani mikono yake itakuwa ya baridi.

Nimemwomba radhi kwa yale ya mdomo na miguu. Kasema na yeye magoti yangu aliyasema kwa wivu.

Birika kalikataa. Kalikubali. Kalikataa tena. Mwisho tumelichemshia chai. Linanuka yai kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

Ishirini na nane! Sikujua mguu wa binadamu una misuli yote hii, na kila mmoja una malalamiko yake.

Juzi nilikwenda kwenye kamati kurudisha medali. Karani kaduwaa, hajawahi kuona mtu anakuja kujishtaki mwenyewe. Kasema medali ataiweka kabatini kwanza. Lakini kitambulisho kinasema 1963, kompyuta inasema 1963, hivyo Oktoba nitaandikishwa sitini na kuendelea, nitake nisitake. "Bibi, si bora kwako? Utashinda tena!"

Nikamwambia, mwanangu, nikivuka mstari na miaka hiyo kifuani, nitakuwa nimeitia sahihi mimi mwenyewe. Mara ya kwanza waliniandikia. Mara ya pili siandikiwi.

Kaenda ndani, karudi na mkubwa wake. Njia ni moja: hati ya kiapo. Mtu aliyekuwapo wakati ule aandike kwamba umri uliongezwa, atie sahihi, niilete kabla ya kufunga kuandikisha, Septemba mosi. La sivyo nikimbie kwa sitini, au nikae nyumbani.

Posta kanieleza, kwa upole wake, kwamba kwenye hamsini kuna wanawake wana mapafu ya farasi. Nitakuwa wa thelathini huko. Nikamwambia wa thelathini, sawa. Lakini awe mimi.

Aliyekuwapo! Baba kafa. Mama kafa. Msajili kafa. Mume kafa. Kabaki mmoja, anakunywa chai.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimemwambia mwanangu wa kwanza. Ana miaka arobaini na minne, fundi wa malori, mikono kama makoleo. Nilimkuta gereji, yuko chini ya lori, miguu tu nje. Nikaona afadhali. Nikaiambia miguu.

Miguu ikatulia. Ikakaa. Kisha katoka, kakaa kitako kwenye mafuta, kahesabu kwa vidole vyake vyeusi. Kahesabu tena. Nikaona midomo inasema kumi na tatu.

Kaenda kunawa mikono kwa mafuta ya taa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu — ilishatakata! Kasema huku kanipa mgongo, "Kwa hiyo, mama, mimi na wewe tumekua pamoja."

Nikamshikia kitambaa cha kujifutia.

Baadaye nimemnyang'anya spana mlangoni. Alikuwa anakwenda kwa mjomba wake. Nikamwambia mkono wa mjomba wako nauhitaji mzima.

Jumatano, 20 Agosti

Jumapili: thelathini na mbili. Leo: nane, nyepesi. Mwenye miwani sasa anakimbia nasi. Anahesabu hatua kwa sauti kama tuko gwaride, Posta kaanza kujuta.

Kaka kakataa. Mara ya pili, kwa simu. "Dada, unataka nife naitwa mwongo? Mtaa mzima huu unatembea na barua zangu." Kasema baba alikuwa baba, angefanyaje, yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini tu.

Ishirini! Tu! Nikamwambia, "Pole sana, kaka. Mimi nilikuwa na kumi na mbili, na nilifanya yote niliyoambiwa."

Kakata simu.

Wifi kapiga baadaye kwa sauti ya chini. Watu wakija kuandikiwa barua, kaka anawaambia haoni vizuri. Wawili kawarudisha jana. Na macho hayana kitu, wifi, kasema, macho hayana kitu kabisa.

Jumapili, 31 Agosti

Kesho ndiyo mwisho. Asubuhi nilikimbia thelathini na tano kama mtu mwenye mashindano, nikarudi, nikaoga, nikajiambia: umefanya lako.

Saa tisa, hodi. Kaka! Koti amevaa, kofia mkononi. Wifi kamfikisha mlangoni kama kifurushi, kanikonyeza, kaondoka bila kukaa. Nimemkaribisha kwa heshima zake zote, nimempa kiti chenye mgongo. Mjukuu kamwamkia, shikamoo babu, na kaka kaitikia marahaba kisha kamtazama. Kamtazama sana. Kamuuliza yuko darasa la ngapi. Nimemtuma mtoto kwa mwalimu mwenye miwani, akakae huko mpaka nimwite.

Kaka katoa karatasi mfukoni, safi, imekunjwa mara mbili. Kaisukuma upande wangu. Kasema mikono yake inatetemeka, niandike mimi, yeye atatia sahihi tu. "Nasikia siku hizi unaandika vizuri."

Nimeirudisha karatasi. "Kaka, nakuheshimu, wewe ndiye baba yangu sasa. Lakini andika wewe. Mkono uleule."

Nilitegemea ainuke aende zake. Hakuinuka! Kavaa miwani. Kaandika "Mimi". Kaandika jina lake lote, na la baba. Mwandiko haukutetemeka hata kidogo, jamani, ni mzuri kama maua. Kisha kauliza, bila kuinua kichwa, kama aandike kwamba baba alimwamuru. Nikamwambia aandike aliyoyafanya yeye. Ya baba, baba anayajibu aliko.

Kafuta jasho. Kaandika mwaka. Kaandika ofisi ya msajili. Nami nimefungua daftari hili nijishughulishe, kwa sababu nikimtazama usoni nitamhurumia, na nikimhurumia nitamwambia aache. Namjua huyu, alinibeba mgongoni. Nasikia tu kalamu inavyokwaruza.

Sasa imenyamaza.

Nimechungulia. Kaandika: na siku ile dada yangu alikuwa na miaka. Hapo kasimama. Kalamu iko palepale, wino unafanya doa, na yeye ananitazama, anangoja nimwambie.

Anaijua. Simtajii.